Jina langu kwenye ukurasa wa shule

Leo nimefuta jina langu mwenyewe kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni.

Ule ukurasa wa shule yetu ya binafsi huwa nausafisha mimi. Mtu akiandika "shule bora kuliko zote Songwe", natoa. Nabakiza yenye ushahidi.

Asubuhi nikakuta kwenye orodha ya wahitimu mashuhuri yupo mmoja tu. Mimi! "Furaha, binti mwenye adabu na akili nyingi."

Nikadhani ni ninyi rafiki zangu wa humu mnanitania. Nikafuta.

Mchana nikampelekea mama chakula kwenye meza yake ya kuuzia mchele, hapa Tunduma. Nikamkuta anamwambia mteja, "Subiri umwone mwanangu, yuko mpaka mtandaoni!"

Akatafuta kwenye simu yake. Akatafuta tena.

Kumbe alimwomba dada wa steshenari aniandike.

"Mama, nimefuta mimi," nikasema. "Pale anaandikwa mtu aliyekwisha kuandikwa magazetini au vitabuni. Na hawaruhusu kusifia."

Mama akafunga simu taratibu.

"Sawa, mwanangu. Sasa mimi nikusifie wapi?"

Nikampa simu yangu aandike hapa. Haya ni maneno yake, na anasubiri mumjibu:

"Huyu ni Furaha wangu. Amemaliza shule. Nina raha sana."