Mashaallah Niliyoisema kwa Wivu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwetu mtaa wa Wattaya huku ng'ambo, na binti wa ami yangu, Thuwaiba, alikuwa ametandaza michoro yake juu ya meza ya kulia, pembe zake kazikandamiza kwa vikombe vya chai. Alinitaka niikague. Mimi nilikuwa mchoraji wa majengo serikalini, mwaka wa tisa huo, na jamaa wote wakisema kwamba katika ukoo wetu mwenye mkono wa kuchora ni Salma. Yaani mimi.

Alichokichora ni chombo cha tanga chenye miili mitatu: mmoja mkubwa katikati, na miwili myembamba ubavuni, mfano wa ngalawa za kwetu Unguja. Chepesi, cha kasi, na mikono inayoiunganisha miili hiyo inakunjwa ili chombo kizima kikae juu ya trela na kukokotwa na gari ya kawaida. Uzuri wake hasa ni kwamba hakikuhitaji fundi. Mtu yeyote mwenye plaiwudi, gundi na subira angeweza kukijenga chini ya banda la gari yake.

Nikwambie ukweli, maana mficha uchi hazai. Chombo cha namna hiyo nilikuwa nimejaribu kukichora mimi kwanza, miaka miwili. Changu hata kikikunjwa kilikuwa kipana kushinda trela, na uzito wake gari isingeuweza. Thuwaiba, mdogo wangu kwa miaka sita, alikimaliza chake kwa miezi mitatu, huku akiimba. Baba yangu, ambaye michoro yangu hakupata kuitazama mara mbili, alivaa miwani akainama juu ya meza. Wivu ulinipanda mpaka chai ikakosa ladha.

Kwenye karatasi ya nne nikaiona kasoro. Bawaba za mikono zilifungwa kwa bolti kwenye plaiwudi tupu. Kipande cha mti mgumu cha kuzishikilia kwa ndani hakikuchorwa. Alikisahau. Upepo ukikaza na ubavu mmoja ukilemewa, bolti zingetoka pamoja na ubao wake. Fundi mzoefu angekitia bila kuambiwa. Lakini mtu anayejenga nyumbani hujenga kile alichochorewa, wala haongezi.

"Da Salma, waonaje?" Thuwaiba aliniuliza.

"Mashaallah," nikasema. "Sina la kuongeza."

Unajua, sisi neno lile twalisema ili jicho lisimdhuru mwenzetu. Mie nililisema ili nimwone akianguka. Sikutaka mtu afe, wallahi. Nilitaka tu michoro irudishwe, watu wacheke kidogo, baba avue miwani. Wahenga wamesema hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nazo tele, na zote za kitoto.

Wa kwanza kuichukua ile michoro alikuwa Mwalimu Hamdani wa Mabela, mwalimu wa hesabu. Miezi saba alijenga yeye na mkewe, kila wakitoka kazini. Miezi saba nami nikanyamaza. Kila nilipojiandaa kusema, alitokea mtu wa kumsifu Thuwaiba mbele yangu, nikalimeza tena.

Siku moja kabla ya chombo kushushwa majini, pwani ya Azaiba, tulialikwa kukitazama. Kilikuwa kizuri, mwanangu. Hata sasa nikikikumbuka roho inaniuma. Mwalimu alipitisha kiganja juu ya bawaba akasema kwa fahari, "Nimefuata mchoro mpaka milimita. Sikuongeza hata msumari." Mkewe alikuwa akijaribu jaketi la kujiokolea, akicheka, akimwuliza Thuwaiba kesho akae mbele au nyuma.

"Msende nacho," nikasema. "Bawaba zitang'oka."

Thuwaiba aliinama ndani ya chombo na tochi, akapapasa. Alipoinuka uso ulikuwa umempauka. "Kweli. Nnakushukuru, da Salma." Kisha akanitazama. "Umeiona leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Uwongo ulikuwa tayari ulimini.

"Hapana. Niliiona siku ile ile ya michoro."

"Na ukanambia mashaallah."

Mke wa mwalimu alivua lile jaketi polepole, akaingia ndani bila kuniaga.

Habari ilimfika mama kabla sijafika mimi nyumbani. "Jicho tukiliogopa la majirani," aliniambia, "kumbe tumelilea humu humu ndani. Angalizama mke wa mtu, ungalisimama vipi kwenye msala kusali?"

Mwalimu alitia mti mgumu, na baada ya mwezi chombo kikaelea, kikaenda mbio kama kilivyokusudiwa. Sasa vipo vingi. Nnaviona vikikokotwa nyuma ya magari siku za mapumziko, na bado kitu kinanichoma, kwa kuwa si vyangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami kukubali kulinichelewea mno. Thuwaiba hana kinyongo. Kila Idi huja kunipa mkono, na halua huniletea. Lakini amechora vyombo vinne vingine tangu siku ile, na hata kimoja hajaniletea nikikague.

Basi, mwanangu, wivu utakujia, nao haupigi hodi. Usijilaumu kwa kuja kwake. Jilaumu ukiupa kazi. Mwenzako akikuonyesha alichokitengeneza na moyo ukakuuma, itaje kasoro siku hiyo hiyo, kabla hujainuka kitini, kisha ndiyo umsifu. Utaumia jioni moja tu, halafu utalala. Mwenyezi Mungu akujaalie watu wa kukuamini, wakuonyeshe kazi zao zingali na makosa, na akukinge, mwanangu, na kuja kuonyeshwa, kama mimi, vile tu vilivyokwisha kupakwa rangi. Amin.