Insha ya Kumtania Bibi

Nilipofundisha darasa la nne Goweko, kipindi cha insha kilikuwa cha mwisho mchana. Msimu wa tumbaku watoto walikuja na vidole vyenye ulimbo mweusi wa majani, kalamu zikiwaganda. Nikiandika ubaoni "Shamba Letu", darasa zima lilileta insha ileile: shamba letu ni kubwa, tunalima mahindi, tunalipenda shamba letu. Hata mtoto wa mwenye duka, ambaye kwao hawakuwa na shamba.

Binti mmoja hakuandika hata hayo. Alinakili kichwa cha habari, akakipigia mstari kwa rula, akakaa kimya. Mwalimu mkuu alikwisha kuniambia kwamba asipoandika insha hata moja kabla ya kufunga shule, atarudia darasa. Tayari alikuwa mrefu kuliko wenzake. Nilijua akirudishwa hatakuja tena. Atabaki nyumbani kufunga tumbaku na bibi yake.

Jumamosi nikaenda kuzungumza na bibi huyo. Niliwakuta bandani, wakifunga majani kwenye fito, na aliyekuwa anazungumza ni yule bubu wangu wa darasani.

"Mke mwenza," alimwambia bibi yake, "mume wetu amelalamika. Anasema ugali wako unamomonyoka kama ukuta wa masika. Kuanzia leo anakula kwangu."

Bibi hakuinua kichwa. "Mchukue. Na mikoromo yake ubebe."

Utani wa bibi na mjukuu nimekulia ndani yake, kwetu Tabora mjini. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuingia darasani. Niliwasalimia, nikawasaidia fito mbili tatu, nikaondoka bila kutaja habari ya kurudia darasa.

Jumatatu niliwaambia watoto waandike wanavyotaniana na babu na bibi zao, kisha wakawasomee nyumbani. Walitazamana kwanza, wakidhani nawatega. Yule binti akauliza kama inaruhusiwa kuandika mambo ya meno yaliyong'oka. Nikasema inaruhusiwa. Alijaza ukurasa, akageuza.

Siku chache baadaye bibi yake alitokea mlangoni amevaa kitenge kipya. Nilijua nimeharibu. Nikampa shikamoo, nikaanza kuomba radhi.

"Marahaba, mwalimu. Nimetukanwa kwa maandishi, na mimi nitajibu kwa maandishi. Ila sijui kuandika. Nipe mtu."

Mikono ikainuka darasa zima. Akamchagua mjukuu wake. "Huyuhuyu. Na asipunguze neno."

Basi binti akaandika matusi aliyotukanwa yeye mwenyewe, neno kwa neno: miguu kama mchi, uvivu, na kulala mdomo wazi. Alicheka, akabisha, akamwomba bibi apunguze mwendo. Bibi alipomaliza, binti akaniomba karatasi nyingine. Alikuwa na la kujibu.

Nilimpelekea mwalimu mkuu karatasi zote. Alizisoma akiwa amesimama, akacheka peke yake, akanirudishia. Habari ya kurudia darasa hakuigusa tena.

Siku hizi nafundisha mjini, kwa vitabu vyenye picha za rangi, na watoto wanaandika vizuri tu. Lakini naukumbuka mwaka wa masomo uliofuata, yule binti alipoketi darasa la tano, chumba cha jirani. Ilinichukua muda kuzoea kwamba insha zake sasa anazisoma mwalimu mwingine.