Mum, joystick na game ya wrestling ya kaseti

Niaje wakuu. Hii sikuhadithiwa, nilikuwa hapo. Mum amekubali niandike, bora nisiongeze chumvi.

Miaka ya 2000s tulikuwa tunakaa Kilimani, mimi na yeye tu. Mum ni fundi wa nguo, alikuwa na stall town. Halafu akapata stroke.

Kuongea kulirudi, miguu ikarudi. Mkono wa kulia ukakataa. Physio alimwachia mpira wa kufinya, Mum akauweka juu ya fridge. Eti yeye si mtoto.

Cherehani akaifunika na leso. Hiyo ndiyo iliniuma.

Sasa, beshte yangu Harpreet wa Westlands akaleta computer ya zamani ya babake. Nyinyi wadogo hamjui hii kitu: ni keyboard nene tu, unachomeka kwa TV, game iko kwa kaseti. Unabonyeza play, inapiga kelele kama redio imepoteza station, unangoja mpaka uchoke.

Game ilikuwa wrestling. Watu wawili wa viboksi-viboksi, crowd ni nukta zinarukaruka. Lakini aki waliijenga! Ukilaliwa chini, referee anahesabu, na kutoka ni njia moja tu: utikise joystick kushoto-kulia kama mwenda wazimu.

Mum ni mtu wa kanisa, wrestling hakuwa anataka kuiona. Siku moja akasimama nyuma yetu.

"Huyu mdogo wa nyekundu mnamchapa hivi kila siku?"

"Hana mtu wa kumcheza, Aunty," Harpreet akasema. "Ni computer."

"Basi leta, nimsaidie."

Akajaribu na mkono wa kushoto, akapigwa. Akauangalia ule wa kulia, akauinua na mwenzake, akauweka juu ya joystick kama mtu anatua mzigo.

Akalaliwa. One, two, three. Tena. Vidole vinateleza. Nikanyoosha mkono nimshikie.

"Wacha! Nimelaliwa mimi, si wewe."

Kesho yake Harpreet akaizungushia joystick blada, ile ya tyre ya baiskeli, isiteleze. Kutoka hapo kila siku baada ya lunch Mum alikuwa mbele ya TV, jasho inamtoka. Alipigwa wiki nzima nzima, wakuu. Hakuwahi kuomba tumpunguzie.

Jumamosi moja niko jikoni nikaskia nduru. Nilikimbia nikijua ameanguka.

Alikuwa amesimama, joystick ameifinya na ule mkono wa kulia, machozi inatiririka.

"Ameamka! Mdogo ameamka!"

Hiyo fight alishindwa, by the way. Hata hakujali. Jioni hiyo alitoa leso kwa cherehani.

Harpreet alipokuja kuchukua mashine ya babake, Mum alikataa nimpikie mgeni. Alimimina chai yeye mwenyewe, na ule mkono wa kulia. Mkono ukatetemeka, kikombe kikafurika mpaka sahani ikajaa.

Harpreet aliinua sahani na mikono miwili, akaanza kunywa hiyo kwanza.

Mimi nilichojifunza: Mum alikuwa amechoka kuonewa huruma. Alitaka mtu wa kupigana naye, na hiyo game ya viboksi haikumhurumia hata siku moja.

Haya, semeni. Kwenu mgonjwa aliamshwa na nini? Na kama kuna mtu alicheza hizi za kaseti, ajitokeze tusalimiane.