Bibi Harusi na Lori la Mihogo

Josaphat anaendesha basi dogo la wazee huko Malvern, na amechoka. Alikuwa amechoka tangu kabla ya kuja Kanada; hapa amepata tu mahali pa baridi pa kuchokea.

Kanisani wanamwita Shofa wa Kanali. Wakati wa vita, kule Kivu, aliendesha gari la kamanda, na gari la kamanda lilikuwa na jina: Bibi Harusi. Lilipoungua, lililofuata lilirithi jina hilo, kama mjane anavyorithiwa, bila kuulizwa. Waumini husikiliza habari hizi kwa utulivu ambao mchungaji bado anauombea mahubiri yake.

Jumamosi binti yake, Joyeuse, alinunua gari kuukuu, jeupe. Kesho yake lingempeleka Montreal, kwenye kazi mpya. Josaphat aliporudi kutoka kazini alikuta limebandikwa herufi kubwa kwenye kioo cha nyuma: BIBI HARUSI.

"Bandua hiyo."

"Papa, si ni jina ya gari yako? Kanisa yote inaijua!"

"Njo maana. Bandua."

Joyeuse akahamia Kiingereza, lugha yake ya kugombana. Anakwenda mbali, alisema, peke yake, na alitaka kitu cha baba yake cha kumlinda njiani.

Josaphat akaketi kwenye ngazi ya jengo, bila kujali theluji.

"Kanali hakupandaka Bibi Harusi hata siku moja," alisema. "Yeye alikuwa anapanda lori ya mihogo, kule nyuma kabisa. Ile haikuwa na jina. Bibi Harusi tuliipa jina juu adui aijue, aipige, aache lori. Pembeni yangu walikuwa wanakalisha askari mwenye kuvaa kofia ya Kanali. Kila gari, askari mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi niliruka. Shofa anazoea kuruka."

"Na wale wa kofia, waliitwa nani?"

Josaphat hakukumbuka hata jina moja. Jina la gari alilikumbuka vizuri.

Joyeuse alianza kubandua kwa kucha upande mmoja wa kioo. Baba yake akainuka, akaanzia upande mwingine. Ilichukua muda, gundi ya Kanada haina mchezo.

"Sasa niiite nani, Papa?"

"Usiiite kitu. Mutu akikuuliza, sema umebeba mihogo."