Ukuta Aliouchagua Mama Akiwa Edani

Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na majivu hunirudisha Msimbu, Kisarawe, enzi za Mwingereza, mwaka aliofariki baba. Mama alikuwa edani, haruhusiwi kutoka miezi minne na siku kumi, na mvua zilikuwa zimemomonyoa kuta za ukumbi mpaka fito zinachungulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wa kuziba alikuwa nani? Baba mdogo Kondo, aliyezaliwa tumbo moja na baba, aliwakataza vijana wote wasije kutukandikia. Namtaja kwa jina, wala sitafuni maneno. Alizunguka akiwaambia wazee, "Nyumba imeshaanguka ile, imemshinda. Eda ikiisha arudi kwao Marui, niikae mimi."

Basi tukakandika wenyewe, mimi Mwajuma, binti wa miaka kumi, na mama na huzuni yake. Nilichota udongo bondeni, yeye akaukanda kwa miguu humo humo ndani. Kuta zikasimama, ikabaki rangi. Mama akapaka viraka vitatu: cha udongo mwekundu, cha udongo mweupe, na cha mweupe uliotiwa majivu. Akavitazama siku tatu, asubuhi na jioni, kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Mwekundu unachokoza, mwanangu. Mweupe mtupu unaumiza macho. Huu wa majivu unamkalisha mtu chini. Siku ya kikao cha kuamua nyumba hii wazee watakaa humu, nataka wasikilizane."

Chini tukapitisha mstari wa masizi, migongo ya watu isije ikaacha alama.

Eda ilipokwisha, wazee wakaja. Kondo aliingia anafoka, akakwama mlangoni. Ukumbi ulikuwa umetulia kama wingu la asubuhi. Wazee wakanyoosha miguu, sauti zikashuka zenyewe. Mzee Mwinyimvua, mkubwa wa kikao, akapapasa ukuta.

"Kondo bwana, ile nyumba iliyoanguka iko wapi? Au tumekosea njia?"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mama Mwajuma," akasema mzee, "kaa kwako na mwanao."

Siku hizi watu wanapaka kumbi zao rangi za kopo, wanamuuliza fundi ipi inatuliza moyo. Ni nzuri, hazitaki kurudiwa kila masika. Mimi sikusoma, lakini najua fundi hawezi kukujibu hilo. Rangi unakaa nayo kwanza, ndipo uijue. Kondo alipokufa sikwenda matangani, na sijuti. Mama yangu alifia ndani ya ukumbi ule, mwenye nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia sogea.