Nusu Kichwa cha Mama Mchungaji

Saa moja asubuhi, kabla moshi wa nyama choma haujatanda Kenyatta Market, Philister Were ameshapanga vifaa vyake vya kusuka: kitana cha mkia, mafuta na mafungu ya nywele za kuunganisha. Kitu kimoja tu hajakitoa. Redio yake ndogo ya kaseti iko ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso.

"Leo siiwashi," anasema. "Leo hata mtu akikohoa nyuma yangu, nageuka kuangalia ni nani."

Ana sababu. Saa nane mchana huu wa Jumamosi anaitwa mbele ya wazee wa kanisa lake mtaani Jamhuri, aeleze imekuwaje mwanakwaya, tena kiongozi wa sauti ya pili, akasikiliza muziki unaosemekana ni wa shetani. Wasiporidhika watamtenga. Hatakaribia Meza ya Bwana kesho, hataimba na kwaya, na akina mama wa kikundi chake watakaa naye mbali.

Muziki wenyewe ni roki aina ya metali, tena ile kali kupindukia. Magitaa yananguruma, ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe kwenye mabati, na mwimbaji haimbi, anafoka. Kaseti aliachiwa na mteja mmoja, Muigai, mpiga ngoma wa bendi ya Westlands aliyekuja kusukwa matuta mwaka wa 2003.

"Nilicheka! Nikamuuliza, ndugu yangu, hawa watu wanaumwa na nini?"

Mwaka huohuo malaria ilimchukua mwanawe, Peres, mtoto wa miaka minne. Kanisa halikumtupa, ukweli usemwe. Waliimba, wakaomba, wakapika, wakabeba jeneza. Na pale kaburini Lang'ata, Mama Wangeci, mke wa mchungaji, alimshika mkono akamwambia anyamaze, mtoto yuko mahali pema. Philister akanyamaza. Alinyamaza hadi chakula kikakataa kupita kooni.

"Siku moja nikaweka ile kaseti. Huyo mtu akapiga ukemi, weh! Nikainamisha kichwa, nikalia mpaka nikasikia njaa. Nilikuwa nimesahau njaa ikoje."

Tangu siku hiyo, kaseti ile huenda naye kila mahali.

Sasa, Kenyatta Market kichwa kimoja hushikwa na wasusi wawili, watatu, hata wanne kwa mpigo, ili mteja asikae kutwa nzima. Hubanana hadi pumzi zao zikachanganyika. Jumanne iliyopita, Philister na mwenzake Kanini walikuwa wakimsuka huyohuyo Mama Wangeci. Philister alikuwa ameficha kisikizio cha redio yake chini ya kitambaa cha kichwa. Alipoinama kushika nywele za kisogoni, kikachomoka, kikatua begani mwa mteja, kando ya sikio.

"Aliruka!" anasema Kanini, wala hacheki. "Akapiga kelele, 'Ashindwe! Ni nini hiyo inanguruma?'"

Mama Wangeci alifunga kilemba juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akaenda zake. Kufikia jioni, Jamhuri nzima ilikuwa na habari kwamba kuna msusi anayeongea na mapepo huku ameshika nywele za watu. Na nywele, nani asiyejua, huwezi kumkabidhi mtu usiyemwamini. Wiki hii Philister amepata vichwa viwili tu.

"Pesa nitatafuta," anasema. "Shida yangu ni wale mama. Hao ndio walinizikia mtoto. Nikitengwa, siku nyingine nikifiwa nitaita nani?"

Swali la wazee amejiuliza mwenyewe mara nyingi: mtu wa Mungu anaweza kufurahia kelele kama hizi? Muigai alimhakikishia hakuna kufuru ndani yake, lakini lugha yenyewe ni ya ng'ambo, hata Muigai mwenyewe haielewi.

"Na kama wanamtukana Mungu? Sikudanganyi, hiyo ndiyo inaninyima usingizi."

Mara Kanini anamgusa kiwiko. Mlangoni amesimama Mama Wangeci, kilemba ni kilekile cha Jumanne. Hapa sokoni kuna mwiko: kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimalizwi na mwingine. Kila kibanda alichoenda wamemrudisha huku, na kesho ni Jumapili.

"Maliza," anasema, bila salamu.

Philister anaanza. Mstari wa kwanza anaukosea, anaufumua, anausuka upya. Kanini anashika upande wa pili, mpaka wanapofika kisogoni.

"Iko wapi ile kitu?" anauliza Mama Wangeci. "Nipe. Wazee wataniuliza nilisikia nini, na mimi nilisikia kidogo tu."

Leso inafunguliwa. Mama Wangeci anatia kisikizio sikioni. Uso unamkunjika, mkono unashika kiti. Lakini hakitoi.

"Huyu anasema nini?"

"Sijui, Mama. Si Kiswahili, si Kizungu ninachojua."

"Sasa wewe husikiliza nini?"

"Huwa naweka maneno yangu."

"Gani?"

Philister anaacha kusuka. "Peres," anasema. "Naita Peres tu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Mama Wangeci naye ni mzazi.

"Kumbe hukunyamaza," anasema polepole.

"Nilinyamaza, Mama. Huyu wa kaseti ndiye hakunyamaza."

Kichwa kinakwisha. Mama Wangeci anajitazama kiooni, anajipapasa kisogo, anasimama. "Saa nane usichelewe," anasema. "Na uje na hiyo kaseti."

Ni huruma au ni ushahidi? Philister hajui. Lakini hatafuti tena kaseti ya mapambio ya kuwadanganyia wazee kwamba ndiyo aliyokuwa akisikiliza, kama alivyopanga jana.

"Nitawawashia wasikie, halafu niwaambie jina la mtoto wangu," anasema akiirudisha redio mkobani, safari hii bila leso. "Kesho nataka nikaribie ile Meza nikiwa sijaficha kitu chini ya kitambaa."