Mafundo Kumi na Moja ya Mathayo

Pale Likombe ukiulizia nyumba ya Mwalimu Joana, watoto watakusahihisha kwanza: "Mwalimu Laini?" Jina hilo amelitafuta mwenyewe. Miaka ishirini na sita amefundisha Kiingereza, na kila mwaka, kidato cha pili, hutumia kipindi kizima kwa neno moja tu, line, ambalo sisi tumelifanya laini na kulitia mfukoni pamoja na simu. Wakaguzi walimsema sana kwa hilo. Wapi! Alisema neno lenye kazi nyingi namna ile halifundishwi mbiombio.

Na kweli, ukimsikiliza utashangaa. Mstari wa daftari, laini. Foleni ya wagonjwa zahanati, laini. Mshipi wa kuvulia changu, kamba ya kuanikia nguo, njia ya reli, mshororo wa shairi, mpaka wa nchi na nchi, hata ukoo wa mtu kutoka babu hadi mjukuu: yote hayo, jamani, Mwingereza amelibebesha neno moja. Kisha Mwalimu hutoa uzi mkobani, akamshikisha mwanafunzi wa mbele ncha moja na wa nyuma ncha nyingine, akauvuta mpaka ukakaza.

"Hapa ndipo lilipotoka," husema. "Zamani za Warumi lilikuwa jina la uzi wa kitani. Uzi tu. Wajenzi wakauvuta ukuta unyooke, wapimaji wakauvuta shambani, na mengine yote yakafuata."

Miaka mitatu iliyopita aliacha kuutoa uzi. Somo akalifundisha kwa chaki, harakaharaka, kwa sababu nyumbani kwake, kwenye msumari juu ya kitanda, kulikuwa na uzi mwingine ambao hakutaka kuukumbuka darasani.

Mumewe, Mathayo, alikuwa fundi seremala. Wote wawili wazazi wao walitokea Msumbiji, na mama yake Mathayo alikuwa bado huko. Vurugu za ng'ambo zilipozidi, Mathayo akasema anavuka Ruvuma kumchukua. Asubuhi ya safari akafanya kama babu zake Wamakonde walivyofanya wakiaga wake zao. Alikata uzi wa katani, akaupiga mafundo kumi na moja, akaketi na mkewe barazani akimshikisha moja moja.

"Hili ni leo, naondoka. Hili kesho, navuka mto. Hili la sita niko na mama. Kila asubuhi fungua moja. Siku utakayofungua hili la mwisho, mimi nipo hapo mlangoni."

Joana alicheka. "Na simu je, mzee wangu?"

"Huko simu hazishiki," alisema Mathayo, akabeba begi lake akaenda.

Joana alifungua kumi. La kumi na moja alilishika asubuhi, akaliacha. Alisema Mathayo akifika atalifungua mwenyewe. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Watu waliovuka baadaye walisema nyumba ya mama yake ilibaki majivu, na wenyewe hawakuonekana tena. Joana aliwasikiliza, akawapikia chai, na fundo hakuligusa.

Sasa tatizo ni hili. Katika ukoo ule, fundo likiwa bado limefungwa, mtu yuko njiani, na aliye njiani hakaliwi matanga. Hakuna misa, nguo zake hazigawiwi, hakuna wa kulia kwa sauti. Mwaka wa kwanza walimvumilia. Wa pili wakaanza kunong'ona. Wa tatu, Jumapili moja baada ya kanisa, Nelio, mdogo wake Mathayo, akaja akaketi mkekani.

"Shemeji, mimi miaka mitatu sijamlilia kaka yangu," alisema. "Nikitoa chozi wananiambia namchuria. Mama naye, anayehesabiwa yuko njiani pamoja naye, hata misa hajasomewa. Nakuomba, shemeji."

Joana alipandwa na hasira. "Kwa hiyo mnataka nimuue kwa vidole vyangu?"

Nelio aliinama, mabega yakimtetemeka, amebana mdomo kwa kiganja kama mtu anayezuia kikohozi. Joana akamtazama, na hasira yote ikamwishia. Alikuwa akijua uchungu wake mwenyewe tu. Akaingia ndani, akaushusha uzi.

Fundo lilikuwa limekauka, ikabidi achukue sindano. Alilichokonoa polepole, likalegea, likafunguka. Chini yake palikuwa na fundo jingine, dogo, limekazwa, lililofunikwa na lile kubwa. Mathayo, ambaye hakukata ubao bila kuupima mara mbili, alijiwekea siku moja ya akiba asiseme.

"Ana siku moja tena," Joana alisema.

Nelio angeweza kusema huo ni upuuzi. "Basi tumpe, shemeji," alisema.

Kesho yake Nelio alifika kabla jua halijachomoza. Joana alikuwa ameshafagia uwanja, amechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, amebandika maji ya kuoga. Mlango ukaachwa wazi. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo, wote wawili waliinua vichwa. Mchana, kwa kukosa la kusema, Joana akamfundisha shemeji yake lile somo, zima, na uzi akauvuta kati yao.

"Mpaka na ukoo ni neno moja?" Nelio aliuliza.

"Moja."

"Sisi mpaka ndio uliotukata ukoo," alisema Nelio.

Maji yalipoa, akayapasha moto, yakapoa tena, akayapasha tena. Ming'oko ilikauka kwenye sahani. Jua likazama, msikiti wa jirani ukaadhini magharibi. Joana akauweka uzi wa Mathayo magotini, akalifungua lile fundo dogo kwa kucha zake. Uzi ukabaki mtupu, umejikunja kila palipokuwa na siku.

Nelio alikuwa akimtazama, kwa maana kwa desturi yao hakuruhusiwa kuanza kulia kabla ya neno lake.

"Lia, shemeji," Joana alimwambia. "Hayuko njiani tena."